Mstari Kwenye Kidevu

Mara ya kwanza waliponipigia nilikuwa nimefungua tumbo la mashine, mikono imejaa wino hadi viwikoni, na simu nikaibana kati ya bega na sikio.

"Habari za asubuhi, baba. Unazungumza na kitengo cha marejesho," ikasema sauti ya mwanamke, laini, sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Tunakukumbusha kuhusu mkopo wako. Umechelewa miezi mitano."

"Mkopo gani?"

"Wako, baba."

Nikamwambia amekosea namba. Akanisomea jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Akanisomea namba ya kitambulisho changu, tarakimu moja moja, bila kukosea hata moja. Kisha akanitajia kiasi. Kwa pesa ile ningenunua mashine mbili kama hiyo niliyokuwa naitengeneza na bado ningebaki na chenji. Nikacheka, nikakata simu. Nilidhani ni wale matapeli wa siku zote. Sikucheka tena baada ya siku hiyo.

Mimi ni mtu wa kopi. Duka langu linatazamana na ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, na ni chumba kimoja tu: mashine, meza, stuli mbili, na kona ambayo mke wangu anatia vyeti vya watu nailoni. Kila nikibadilisha wino, karatasi ya kwanza naipimia kwa kitambulisho changu. Kina picha, kina maandishi madogo, kina muhuri; kikitoka safi hicho, cheti chochote kitatoka safi. Kwa hiyo kitambulisho changu hakikai mfukoni kama cha watu wengine. Kinakaa kwenye droo ya mashine, pamoja na bisibisi.

Na sijawahi kukopa hata kiberiti. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ni woga tu. Baba yetu alikuwa akisikia hodi ya mwenye duka anaingia uvunguni mwa kitanda, na sisi watoto tunasimama mlangoni kusema hayupo, huku miguu yake inaonekana. Niliiona miguu ile mara nyingi mno.

Sauti Laini, ndivyo nilivyombatiza, akawa ananipigia kila siku saa mbili na nusu, mara tu nikiwasha mashine. Nikimfokea, ananisubiri nimalize. "Nakuelewa, baba. Lakini dawa ya deni ni kulipa." Nikimwambia sikukopa, ananielewa. Nikimwambia anioneshe nilipotia saini, ananielewa, ila hilo si la kitengo chake. Siku moja nikamwambia hata ningekuwa nimekufa angesema ananielewa.

"Nakuelewa, baba. Utalipa lini?"

Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Tofauti ni kwamba mbuzi hakupigii simu kesho yake.

Wiki ya tatu wakampigia mama mkwe. Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka kumi na sita nimejitahidi asinione hata nikipiga chafya! Akaja dukani, akakaa kwenye stuli, akafungua fundo la leso yake na kuniwekea noti chache zilizokunjwa juu ya kioo cha mashine.

"Za kuanzia, mwanangu," akasema. "Kudaiwa si aibu. Aibu ni kujificha."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamrudishia pesa zake, akazikataa, nikazirudisha tena, hadi wateja wawili waliokuwa kwenye foleni wakaanza kutazama dari. Jioni tukifunga, mke wangu akauliza jambo ambalo nililipuuza kwa sababu nilikuwa nimejaa hasira. "Namba ya mama wameipata wapi? Ninayo mimi tu, na iko kwenye simu yako, basi."

Jumanne wakaja wenyewe, wanaume wawili. Mmoja alikuwa na faili na maneno, mwingine alikuwa na mabega tu. Bwana Faili akaniamkia vizuri, akaniuliza hali ya watoto, kisha akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti ili kila mtu dukani asikie. "Mashine ya kutolea kopi, moja. Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi, na si yako."

"Ijumaa saa nne tunakuja na gari. Mpaka hapo, uwe umelipa nusu ya deni, au uwe na barua ya makao makuu kwamba deni si lako."

"Sasa mnachukuaje mali ya mtu kwa deni ambalo hajakopa?"

"Wote huwa hawajakopa, mzee wangu," akasema, na akaniomba kalamu, yake ilikuwa imekauka.

Mashine ikiondoka, sisi tumekwisha. Ada za watoto watatu zinatoka kwenye lile bati na kioo, kopi baada ya kopi. Mke wangu alikuwa ameshika cheti cha mtu mkononi, hakitii nailoni wala hakiweki chini. "Mwambie Nguzo," akasema.

Nguzo ni kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomea vyuma. Jina hilo familia ilimpa mwaka jana, utumbo wangu ulipojikunja nikapasuliwa haraka haraka na kulazwa wiki tatu. Hospitali ikataka bili yote kabla ya kuendelea kunitibu. Nguzo akalipa bili yote, peke yake, kwa akiba yake, bila kuitisha mchango. Mke wangu alipokuwa kando ya kitanda changu hospitalini, ni Nguzo huyo huyo aliyeacha karakana yake akaja kufungua duka langu ili wateja wasihame. Mama aliniomba nimtilie nailoni ile risiti ya hospitali, na hadi leo imetundikwa sebuleni kwake, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi. Nami nilipopona nilikusanya ndugu, nikasimama mbele yao na kumpa kaka vyumba vyangu viwili kati ya vinne vya kupangisha tulivyoachiwa na baba. Mtu aliyekurudishia roho utampa nini kingine? Mama alilia. Kaka aliinamisha kichwa akasema hastahili, na watu wakasema mtazameni alivyo mnyenyekevu.

"Nguzo ameshafanya yake," nikamjibu mke wangu. "Hili nitalimaliza mwenyewe."

Jumatano nikafunga duka nikaenda makao makuu ya hao wakopeshaji. Dirisha la nne wakanituma la pili. Dirisha la pili wakasema malalamiko hupokelewa la nne. Nikarudi la nne nikiwa tayari nimeanza kuongea peke yangu, yule mama wa pale akaniambia sawa, ila niambatanishe kopi ya kitambulisho.

Kitambulisho nilikitoa drooni asubuhi, ila kopi yake sikubeba. Miaka kumi na mmoja natoa kopi za watu, na siku yangu sina! Nikatoka nje, nikapanga foleni kwenye kibanda cha mtu, nikalipia kopi ya kijivu iliyokatwa upande, yenye harufu ya wino wa bei rahisi. Nilimwambia yule bwana anatumia mwanga mwingi mno. Akaniambia kama najua sana nifungue duka langu.

Saa nane nikafikishwa kwa ofisa mwenye miwani, na huyu, nimpe haki yake, alikuwa mtu wa kwanza kunisikiliza bila kunielewa. Akaenda kabatini, akarudi na faili, akalifungua mbele yangu. Fomu ya mkopo. Saini inayofanana na yangu, lakini si yangu. Namba ya simu yangu. Mtu wa karibu: mama mkwe. Na ukurasa wa mwisho, kopi ya kitambulisho changu.

Kopi ile ilikuwa na mstari. Mwembamba, mweusi, umeanzia juu ya paji la uso, umepita pembeni ya pua na kukigawa kidevu changu vipande viwili.

Nikaona ofisa anasogeza midomo, ila sikusikia anachosema. Mstari ule naujua kama ninavyolijua kovu la tumboni mwangu. Ndani ya mashine kuna dramu, bomba linalong'aa ambalo ndilo linabeba picha kabla haijatua kwenye karatasi. Dramu husafishwa kwa kitambaa laini, tena kwa pumzi, kama unafuta uso wa mtoto. Kaka yangu, alipoachiwa duka, aliona vumbi akalisafisha kwa brashi ya waya, jinsi anavyosafisha chuma kabla ya kuchomea. Nilipotoka hospitali nilikuta kila kopi ina mstari mweusi na wateja wananung'unika. Nikacheka mpaka nyuzi za mshono zikaniuma, nikanunua dramu mpya, na siku ile ile mstari ukaisha. Uliishi duniani wiki tatu tu. Katika wiki hizo tatu, hakuna aliyeigusa mashine ila yeye.

Nikatazama tarehe. Siku mbili baada ya kupasuliwa. Nikatazama kiasi kilichokopwa kabla ya riba. Sikuhitaji kukumbuka, maana nimekisoma kila nilipokwenda kumsalimia mama, kiko ukutani, kimetiwa nailoni na mkono wa mke wangu.

"Lakini mlimpaje pesa?" nikauliza. "Hamkumtazama uso?"

Ofisa akainua kitambulisho changu, akanitazama, akakitazama. "Kama mnafanana..."

Tunafanana. Watu hutuita kwa majina ya kubadilishana tangu utotoni.

Akanipa fomu. "Jaza hapa. Kama unamjua aliyechukua, mtaje, sisi tutakwenda naye polisi na wewe utakuwa huru. Kama humjui, andika humjui, tutachunguza. Ila Ijumaa hainisubiri mimi, inakusubiri wewe." Swali lenyewe lilikuwa na mstari mmoja wa nukta nukta: Je, unamfahamu mtu aliyechukua mkopo huu?

Nikaikunja nikaitia mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi siku zote nilidhani wanasema habari za watu wengine.

Alhamisi asubuhi nikaenda karakanani. Kaka alikuwa anachomea geti, kinyago usoni. Nikasimama hadi alipozima moto akakifunua. Sikumsalimia. Nikamwambia, "Brashi ya waya."

Angeweza kuuliza brashi gani. Hakuuliza. Akakaa juu ya debe, akavua glavu moja, nyingine akaisahau mkononi.

"Ulikuwa unakufa," akasema. "Wanataka pesa kabla hawajakushika tena. Mimi akiba sina, sijawahi kuwa nayo. Na mimi hawanikopeshi, nina deni la mtungi wa gesi pale pale. Ningefanyaje? Nikuache?"

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini, una mipira puani?"

"Nilipotoka mipira?"

Geti lilikuwa bado linatoa moshi pale alipolichoma. "Nilitaka kukwambia," akasema. "Nikaja siku ile nyumbani kwa mama. Kabla sijafungua mdomo, mkaanza kunishukuru. Mama akanishika miguu, mdogo wangu. Mama yetu, akanishika miguu. Tangu nizaliwe sijawahi kuitwa kitu kizuri katika nyumba ile. Ningeanzia wapi?"

Laiti angekuwa ameiba! Mwizi unajua cha kumfanya. Huyu hakula hata senti ya ule mkopo. Alichokula ni shukrani, na akashindwa kuacha.

"Na vyumba vyangu?"

"Ulinipa."

"Nilikupa kwa sababu ulilipa!"

"Nililipa miezi saba," akasema. "Kila kodi ya vyumba vile ilikwenda kule. Kisha kazi zikaanguka, binti akaingia chuo. Nikajua watakutafuta. Kila siku nikasema kesho nitakwambia."

Nilipiga kelele. Nilimwambia habari za mama mkwe na fundo lake la leso, habari za dirisha la nne, habari za miguu ya baba uvunguni. Vibarua wake wakaenda kunywa maji wote kwa pamoja. Mwisho nikachomoa fomu, nikamwonesha ule mstari wa nukta. "Kesho saa nne wanakuja kuchukua mashine. Njoo kabla yao. Njoo useme kwa mdomo wako, mbele ya mama, kwamba deni ni lako. Ukija, hii naichana. Usipokuja, najaza."

"Nitakuja," akasema. "Haki ya Mungu, nitakuja." Na machozi yakamtoka, na mimi, mjinga wa mwisho, nikamwonea huruma.

Ijumaa saa mbili mteja wangu wa kwanza alikuwa mpangaji wa kimojawapo cha vile vyumba viwili. Alileta risiti nimtolee kopi. "Nguzo kanifuata jana jioni," akaniambia kwa furaha. "Kaniomba mimi na jirani yangu tumlipe kodi ya mwaka mzima, kisha katupunguzia. Una kaka muungwana kweli."

Moyo ukanitulia. Amekwenda kutafuta pesa, nikajisemea. Anakuja kumaliza. Nikamweleza mke wangu yote, kwa mara ya kwanza, kwa sauti ya chini. Akasikiliza, akasema tu, "Ngoja kwanza aje."

Akaja. Saa nne kasoro dakika tano, amevaa koti lake la sherehe, mama amemshika mkono upande huu, mama mkwe upande ule, na nyuma yao majirani waliosikia kwamba leo mtu wa kopi anafilisiwa. Bwana Faili na mwenzake walikuwa wameshaegesha gari. Mwenye mabega alikuwa ameanza kuchomoa waya wa umeme ukutani.

"Subirini," kaka akasema. Akanitazama, akamtazama mama, na mama alikuwa anamtazama kama anavyoitazama ile risiti ya ukutani. Nikaona kabisa maneno yanavyomfika kooni, na nikaona yanavyogeuka yakarudi. "Mimi ndiye mkubwa," akasema. "Deni la mdogo wangu ni deni langu. Nitalibeba mimi."

Akatoa bahasha kwenye koti. Nusu ya deni, taslimu, kodi ya vyumba vyangu ya mwaka mzima, akaiweka juu ya kioo cha mashine yangu.

Mama akaanza kulia. Mama mkwe akasema hajawahi kuona kaka kama huyu. Jirani mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Bwana Faili akahesabu, akahesabu tena, akaandika stakabadhi na kumpa kaka mkono. "Miaka tisa niko kwenye kazi hii," akasema. "Ningekuwa na kaka kama huyu nisingeifanya." Mwenye mabega akarudisha waya ukutani, na hata yeye alikuwa anatabasamu.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkono mfukoni, umeshika fomu. Kila mtu dukani alikuwa amenigeukia. Mke wangu peke yake alikuwa anatazama chini.

"Umekuwa bubu?" mama akasema. "Mara ya pili hii anakuokoa. Mshukuru kaka yako!"

Ningeweza kuitoa. Ilikuwa karatasi moja tu, na kalamu ilikuwa juu ya meza. Lakini mama alikuwa ameshika kifua chake kwa mikono miwili, na nikajua nikimwangusha Nguzo pale, atakayevunjika si yeye. Hasira ilinipanda hadi nikaona vibaya. Nikaimeza, ikashuka kama jiwe, na ikaupata ule mshono wangu.

"Asante, kaka," nikasema.

Watu wakafurahi. Kaka akanisogelea na ile stakabadhi, bila kunitazama machoni. "Nitolee kopi," akanong'ona. "Nibaki na kumbukumbu."

Nikaiweka juu ya kioo, nikabonyeza. Kopi ikatoka safi, nyeusi juu ya nyeupe, bila mstari wowote. Nikamshikisha mkononi, sikuiachia.

"Kopi moja," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ulipe kabla hujatoka." Miaka kumi na mmoja sijawahi kumtajia ndugu yangu bei.

Kaka akanitazama mara moja, akaelewa. Akapekua mfuko wa koti, akapata sarafu, akaziweka juu ya kioo moja moja, kisha akachukua kopi yake akatoka.

Mama akanigeukia, amejaa aibu mbele ya mkwe wake na mbele ya majirani. "Kweli asante ya punda ni mateke," akasema. "Mtu kakulipia mashine nzima, wewe unamdai kopi! Sijui shukrani umeiacha wapi, mwanangu."

Nikaziokota zile sarafu, nikazitia kwenye droo, karibu na bisibisi. Kisha nikakitoa kitambulisho changu humo, nikakitia mfukoni, nikamwita mteja anayefuata.